Viini vikubwa kwenye seli za shavu la mwenye kisukari: ni sukari au ni saratani?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanafunzi wa maabara ya tiba. Kwenye mazoezi tulikwangua ndani ya mashavu ya watu wenye kisukari aina ya pili na ya wasio nacho, kisha tukazitia slaidi rangi ya Papanicolaou. Kwa wenye kisukari viini vya seli vilionekana vikubwa zaidi, na seli chache zilikuwa na viini viwili. Mwenzangu anashikilia kwamba hizo ni dalili za awali za saratani. Mimi nahisi ni kisukari, ila nashindwa kueleza kwa nini. Sukari iko kwenye damu. Inafikaje kubadilisha seli ya shavuni? Na kama mabadiliko haya ni ya kweli, kwa nini tusiyatumie kupima kisukari bila kumtoboa mtu kidole? Je, sukari ikishuka, seli zinarudi kuwa kama zamani?

JIBU: Marahaba. Mlichokiona kipo, na wengine wameshakipima kabla yenu. Tafiti kadhaa za seli zilizokwanguliwa kinywani zimekuta eneo la kiini likiwa kubwa zaidi kwa wenye kisukari, huku saitoplazimu, ile sehemu ya seli inayozunguka kiini, ikibaki vilevile au ikipungua kidogo. Kwa hiyo uwiano wa kiini na saitoplazimu unapanda. Hapo ndipo mwenzako aliposhtuka, na simlaumu, maana uwiano huo kupanda ni kitu cha kwanza tunachofundishwa kukiogopa tunapotafuta saratani. Lakini kabla ya saratani nataka tuitazame slaidi yenyewe, kwa sababu ina mitego yake.

Wa kwanza ni kukauka. Seli ikikauka hewani kabla ya kuingia kwenye alkoholi ya asilimia 95, hulala bapa kwenye kioo na kiini chake hutandazika kikaonekana kikubwa kuliko kilivyo. Mdomo wa mwenye kisukari mara nyingi ni mkavu, na mkwanguo wenye majimaji machache hukauka upesi. Mkichelewesha slaidi zote kwa sekunde zilezile, za wenye kisukari ndizo zitakazoharibika kwanza, halafu mtaandika kwenye ripoti kwamba kisukari kimekuza viini. Zamisheni slaidi kwenye alkoholi papo hapo, ingali na unyevu.

Wa pili ni jicho. Seli ya tabaka la kati ya shavu ina upana wa mikromita 50 hadi 60 hivi, na kiini chake kina kipenyo cha takribani 8, yaani kinakaribiana na chembe nyekundu ya damu. Kiini kikitoka kipenyo cha 8 kwenda 9, ukikitazama kwa hadubini hutashtuka. Lakini piga 8 mara 8, upige 9 mara 9, ulinganishe: eneo limeongezeka kwa zaidi ya robo. Ndiyo maana kuniambia kwamba viini "vilionekana" vikubwa hakunitoshi. Pimeni. Kwa kila mtu chukueni seli 50 au zaidi ambazo hazijakunjika wala kulaliana, mkiipita slaidi kwa mistari ili msiokote zile zinazovutia tu, na anayepima asijue slaidi ni ya nani. Shavu liwe shavu kwa wote pia. Msichanganye na mkwanguo wa fizi au wa kaakaa gumu, ambako seli za juu zina keratini, protini ngumu kama ya kucha, na sura yake ni nyingine kabisa.

Tuseme mmepima vizuri na tofauti bado ipo. Sasa swali lako la msingi: sukari inafikaje huko?

Utando wa ndani ya shavu una tabaka nyingi za seli, lakini hauna mshipa hata mmoja wa damu ndani yake. Mishipa midogo iko chini, kwenye tishu inayoubeba, na chakula na oksijeni hupenya kutoka huko, kuvuka utando mwembamba wa msingi, hadi kwenye seli za chini kabisa. Seli hizo za chini ndizo zinazogawanyika. Watoto wao husukumwa juu, hupanuka, hubadilika kuwa bapa, na mwisho huambuka na kumezwa pamoja na mate. Safari hiyo shavuni huchukua wiki mbili hadi nne hivi. Kwa maneno mengine, seli uliyoikwangua leo ilizaliwa majuma kadhaa yaliyopita, na alama ilizobeba nyingi ni za siku zile.

Seli za misuli na za mafuta husubiri insulini ndipo zifungue njia ya sukari. Seli za utando wa kinywa hazisubiri. Hupokea glukosi hasa kupitia kibebeo kiitwacho GLUT1, ambacho ni mlango usio na bawabu: sukari ikijaa nje, inajaa na ndani. Seli haina namna nzuri ya kukataa. Ziada hiyo inapochomwa, mitokondria, vinu vya nishati vya seli, hutoa molekuli nyingi za oksijeni kali kuliko seli inavyoweza kuzidhibiti, na molekuli hizo huuma protini, mafuta ya kuta za seli na DNA.

Wakati huohuo kuna jambo la polepole zaidi linaloendelea chini ya seli. Glukosi hujibandika kwenye protini bila msaada wa kimeng'enya chochote. Ni kemia ileile tunayoipima kwenye HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi michache, ambapo protini husika ni himoglobini. Tofauti ni kwamba chembe nyekundu huishi siku 120 hivi kisha huondoka na mzigo wake. Kolajeni, protini ya nyuzi zinazoshikilia tishu, hukaa muda mrefu zaidi, kwa hiyo sukari iliyojibandika huendelea kubadilika hadi kuwa viungo vigumu vinavyoshikanisha nyuzi kwa nyuzi. Utando wa msingi wa mishipa midogo hunenepa. Oksijeni hupita kwa shida zaidi. Seli za kinga zina vipokezi vinavyoitambua kolajeni hii iliyoharibika kuwa ni adui, nazo huanza kumwaga kemikali za uvimbe, uvimbe wa chinichini usioisha ambao hata mgonjwa mwenyewe haujui.

Weka hayo mawili pamoja: seli ya chini inayolemewa na sukari, na udongo mbovu inamokaa. Matokeo yanayokubalika zaidi kuwa chanzo cha viini vikubwa ni kwamba upyaishaji wa utando unalegea. Seli hukawia kukomaa, hufika juu zikiwa bado na kiini ambacho kwa kawaida kingekuwa kimeshasinyaa, na saitoplazimu yao haijapanuka inavyopaswa. Ni picha inayofanana na uzee wa seli, na kwa kweli viini hukua kidogo pia kwa watu wazee wasio na kisukari. Kwa hiyo kama kundi lenu la kisukari lina wastani wa miaka 60 na lile jingine ni wanafunzi wenzenu, mmepima umri.

Seli zenye viini viwili ni seli zilizogawanya kiini zikashindwa kujigawa zenyewe. Mbili tatu ni kawaida kwa mtu yeyote. Kinachonivutia zaidi ni viini vidogo vya pembeni, vile vipande vya DNA vilivyoachwa nje ya kiini kikuu seli ilipogawanyika. Hivyo ni alama ya DNA kuumia, na vimeripotiwa kuwa vingi zaidi kwa wenye kisukari. Ila kuvihesabu kunataka nidhamu. Kipenyo chake kiwe kati ya 1/16 na 1/3 ya kiini kikuu, kiwe cha duara, kisigusane nacho, na rangi yake ifanane na ya kiini. Papanicolaou si rangi nzuri sana kwa kazi hiyo, maana bakteria na chembe za keratini hudanganya. Tumieni Feulgen, inayoshika DNA. Na mwulizeni kila mtu kuhusu sigara, tumbaku ya kutafuna na pombe. Mvutaji asiye na kisukari anaweza kuwa na viini vidogo vingi kumshinda mwenye kisukari asiyevuta.

Sasa saratani. Kiini cha saratani hakiwi kikubwa tu. Ukingo wake unapindapinda, kromatini, yaani DNA na protini zake, inashikana kwa mabonge meusi yasiyolingana, nukleoli (vijiduara vilivyo ndani ya kiini) zinajitokeza, na zaidi ya yote seli hazifanani: moja ina kiini kikubwa kupindukia, jirani yake kidogo, wa tatu umbo la kisu. Kwenye kisukari ukubwa umeongezeka kwa karibu seli zote na kwa kiasi kidogo, ukingo ni laini, kromatini ni nyembamba na imetawanyika sawasawa. Kama slaidi zenu ziko hivyo, mwenzako atulie. Kisukari aina ya pili kinahusishwa na ongezeko la hatari ya saratani ya kinywa, ila ni ongezeko dogo. Tumbaku na pombe ziko mbali mno mbele yake. Wala mkwanguo haufungi mjadala. Kidonda kisichopona, au baka jeupe au jekundu lisiloondoka kwa wiki mbili hadi tatu, linakatwa kipande na kupimwa, awe mgonjwa ana kisukari au hana.

Kuna vitu viwili zaidi vinavyokuza viini ambavyo nadhani hamkuvifikiria, na vyote viwili humfuata mwenye kisukari kwa karibu. Kimoja ni fangasi. Candida hunata kwa wingi zaidi kwenye seli za shavu za wenye kisukari, mate yana glukosi zaidi, na chembe nyeupe za damu hufanya kazi kwa uvivu sukari ikiwa juu. Uvimbe unaoletwa na fangasi hao hufanya viini vivimbe kiasi, mara nyingi pamoja na duara jeupe linalozunguka kiini. Tafuteni nyuzi za fangasi kwenye slaidi hizohizo, hasa kwa waliovaa meno ya bandia.

Kingine ni vitamini B12. Wengi wa wagonjwa hao wanameza metformin, dawa ya kisukari, na kuimeza kwa miaka hupunguza ufyonzaji wa B12. Upungufu wake huchelewesha utengenezaji wa DNA, basi viini vya seli za kinywa hukua. Lakini hapa saitoplazimu nayo hukua, kwa hiyo uwiano haupandi sana kama ule wa kisukari chenyewe. Mkikuta seli kubwa yenye kiini kikubwa, na mgonjwa ana ulimi mwekundu uliolainika unaomwasha, pendekezeni apimwe B12 kabla ya kuisingizia sukari. Hili mimi hulitafuta kila mara, kwa sababu linatibika kirahisi na halionekani kwenye glukomita.

Kuhusu kutumia mkwanguo kupima kisukari: hapana. Tofauti mnazoziona ni za wastani wa kundi. Ukimchukua mtu mmoja mmoja, makundi yanaingiliana sana, na umri, moshi, fangasi, B12 na uchelewaji wa alkoholi vyote vinasukuma kipimo upande uleule. Kisukari kinathibitishwa kwa damu: sukari ya mfungo ya 7.0 mmol/L au zaidi, au HbA1c ya asilimia 6.5 au zaidi, na kwa asiye na dalili kipimo kirudiwe. Tundu la kidole ni bei ndogo.

Na swali lako la mwisho, la kurudi hali ya zamani, lina majibu mawili kwa sababu sehemu mbili zilizoumia zina mwendo tofauti. Seli zenyewe huzaliwa upya kila baada ya majuma machache, kwa hiyo sukari ikitulia, zinazozaliwa sasa zina nafasi ya kuwa nzuri. Ukavu nao hupungua, maana sukari ikivuka takribani 10 mmol/L figo huanza kuimwaga pamoja na maji, mgonjwa akakojoa sana na mdomo ukakauka. Kuta za mishipa zilizonenepa na kolajeni iliyoshikana hazitoki kwa haraka hiyo, ndiyo maana mtu aliyeishi na sukari ya juu kwa miaka mingi huendelea kuwa na vidonda vinavyochelewa kupona hata baada ya kipimo chake kupendeza. Fizi zisisahaulike: kuwasafisha meno na fizi kitaalamu wenye ugonjwa wa fizi na kisukari kumeonekana kushusha HbA1c kwa takribani asilimia 0.4 ndani ya miezi mitatu au minne, jambo ambalo wagonjwa wengi hawajawahi kuambiwa na yeyote.

Mkitaka kuliona kwa macho yenu, rudieni mkwanguo kwa watu walewale baada ya miezi mitatu, pamoja na HbA1c mpya, shavu lilelile, mpimaji yuleyule asiyejua majina. Na kwenye fomu ya maabara andikeni wazi kwamba mgonjwa ana kisukari, kwa miaka mingapi, anatumia dawa gani, na kama anavuta. Fomu nyingi hunifikia zikiwa na neno moja tu, "shavu".