Mpira wa Mkojo Usiachwe Ukining'inia

Baba yangu, mwanajeshi mstaafu wa hapa Bombo, si mtu wa kulalamika. Siku tuliporudi kutoka hospitalini Kampala akiwa amewekewa mpira wa mkojo, ule mrija unaotoa mkojo kibofuni hadi kwenye mfuko, kwa sababu ya tezi dume, alikaa kimya ndani ya teksi, mfuko ameufunika kwa kanzu. Tulipofika Matugga, abiria wa nyuma akataka kushuka, kile kiti cha kukunja kikainuliwa, na mfuko ukanasa. Nilimsikia baba akisema "Ya Rabi" mara moja tu. Nilipofunua kanzu, mkojo ndani ya mrija ulikuwa umeanza kugeuka rangi, kwanza kama chai ya rangi, halafu mwekundu kama karkade.

Ncha ya mpira ule iko ndani ya kibofu, na ina puto dogo lililojazwa maji, kwa mtu mzima mara nyingi mililita 10. Puto ndilo linalouzuia usichomoke. Kwa hiyo ukivutwa, puto linagonga shingo ya kibofu, na mpira unakwaruza njia nzima ya mkojo. Si lazima litokee tukio kubwa kama letu. Mfuko uliojaa ukiachwa uning'inie wenyewe, unavuta kidogo kidogo mchana kutwa, na mwanamume aliyekaa na mpira miezi anaweza kupata kidonda pale unapotokea, hata nyama ikachanika. Na palipochubuka ndipo vijidudu vinapopenda kukaa.

Mpira wa baba ulikuwa haujafungwa popote. Tulipewa karatasi ya kuruhusiwa, dawa, na tarehe ya kurudi. Hakuna aliyeniambia habari ya kuufunga mpira pajani, nami sikuuliza.

Kesho yake nikaenda duka la dawa, nikanunua plasta ile nyeupe ngumu, nikauzungushia mpira na paja lote, kama mtu anayefunga mzigo wa kuni. Nilijisifu kwamba sasa hautoki. Siku ya tatu nilitaka kumbadilishia. Nikashika ncha nikaivuta kwa nguvu mara moja, kama mama alivyokuwa akitufanyia utotoni ili maumivu yaishe haraka. Plasta ikaja na ngozi. Kipande cha upana wa kidole gumba, chembamba kama ganda la ndani la kitunguu, kimebaki kwenye gundi. Baba aligeuza uso dirishani. Kidonda kile kilichukua karibu wiki tatu kupona, na ni mimi niliyemtia, wala si ugonjwa.

Ngozi ya mzee haishikani sana na nyama iliyo chini yake. Ya mtoto mchanga pia. Gundi ya plasta inaweza kuwa na nguvu kuliko mshikamano huo. Hili sikulijua mpaka sista mmoja wa kituo cha afya aliponikalisha kando ya kitanda na kuniambia, "Mama, plasta haing'olewi. Inabembelezwa." Akanionyesha kwenye mkono wake mwenyewe kabla ya kumgusa mzee.

Unainua pembe moja polepole. Vidole vya mkono wa pili vinakandamiza ngozi pale inapoachia, na plasta unaikunja kurudi nyuma juu yake yenyewe, ikiwa imelala karibu na ngozi, ukifuata upande nywele zinakolalia. Usiivute kwenda juu. Ikikataa, ilowanishe kwa maji ya vuguvugu au mafuta kidogo, usubiri, kisha uendelee. Mafuta yanafaa pale ambapo hutabandika tena mara moja. Kama unabandika palepale, osha kwa sabuni na ukaushe, la sivyo plasta mpya haitashika. Karibu na sindano ya dripu usipake mafuta kabisa. Hapo mwite nesi.

Kubandika nako kuna namna yake. Ngozi iwe kavu. Kama imepakwa spiriti, iache ikauke yenyewe bila kupepea wala kupuliza. Plasta usiivute ndipo uibandike, kwa sababu itataka kurudi kwenye urefu wake, na itakaporudi itaikokota ngozi mpaka ifanye malengelenge pembeni. Bandika katikati kwanza, halafu laza pande mbili kwa kidole.

Kwa mpira wa mkojo alinifundisha hivi, na ndivyo ninavyofanya mpaka leo nikiitwa kwa jirani. Kipande kipana cha kwanza kinabandikwa kwenye paja, juu upande wa mbele. Cha pili kinauzunguka mpira karibu na pale unapogawanyika njia mbili, kinashikana chenyewe kwa chenyewe ili mpira usimame mbali kidogo na ngozi, kisha ncha zake mbili zinabandikwa juu ya kile cha kwanza. Mpira haugusi ngozi, na ukivutwa ni plasta inayovutwa. Kati ya paja na mwili unaacha ulegevu, ili mgonjwa akinyoosha mguu usikaze. Kwa mwanamume unaweza pia kubandikwa chini ya tumbo. Kila ukibadilisha, hamia paja la pili. Kama hakuna plasta nzuri, kitambaa laini cha leso kinatosha, ila vidole viwili vipite chini yake, na usizungushe plasta ngumu paja zima kama nilivyofanya mimi, maana mguu ukivimba inakuwa kamba.

Mfuko nao uwe chini ya kibofu wakati wote, lakini usilale sakafuni. Nyumba nyingi za kwetu mgonjwa analala kwenye godoro chini, na hapo ndipo watu wanapokwama. Mtafutie kitanda, hata cha kuazima. Hadi kipatikane, inua godoro kadiri unavyoweza na uweke mfuko ndani ya beseni safi la mfuko tu, si lile la kuogea. Mwage mkojo kabla mfuko haujajaa, ukifika kama theluthi mbili, na mdomo wa bomba lake usiguse chombo. Usitenganishe mpira na mfuko kwa sababu yoyote ya nyumbani. Pale panapounganika pakifunguliwa, umefungulia vijidudu mlango. Sehemu ya siri ioshwe kwa sabuni na maji kila siku. Dawa kali za kuua vijidudu hazihitajiki hapo na zinaweza kuichoma ngozi.

Sasa mikono. Tangu Ebola ya Mubende mwaka 2022, sisi Waganda tumezoea jerikani yenye bomba getini, na askari anayekukataza kupita kabla hujanawa. Lakini nimekaa wodini siku nyingi na nimeona: tunanawa getini, kisha tunashika simu, chupa ya chai, noti za shilingi, shuka la mgonjwa wa jirani, halafu mkono huohuo unakwenda kurekebisha plasta iliyoachia. Getini ni sahihi, ila mkono unaoamua ni ule unaogusa mpira dakika hiyo. Weka sabuni na kichupa cha sanitaiza kando ya kitanda, siyo ndani ya begi. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilisema kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa, 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata angalau ambukizo moja wakiwa humohumo hospitalini; katika nchi tajiri ni 7. Hospitali zetu zinatutegemea sisi ndugu kuogesha, kulisha na kugeuza wagonjwa. Basi na hili la mikono ni letu vilevile.

Kuhusu sindano ya dripu mkononi nitasema machache, lakini moja nalisema kwa uchungu. Baba alipolazwa mara ya pili kwa upasuaji, kanula yake, yaani hiyo sindano ya dripu, ilifunikwa plasta juu ya plasta mpaka ikawa kama kilemba. Kila ilipolegea, mtu aliongeza nyingine. Siku ya nne akaanza kutetemeka kwa homa. Zilipobanduliwa zote, mkono ulikuwa umevimba na mshipa umekakamaa kama uzi wa katani. Chini ya kilemba kile hakuna aliyeweza kuona kitu.

Watu huambiwa waangalie wekundu. Kwenye ngozi nyeusi kama zetu wekundu haujitokezi hivyo. Angalia panapong'aa, palipo peusi zaidi ya kwingine au kuelekea zambarau, gusa kwa mgongo wa kidole kama pana joto, bonyeza taratibu kama pamekuwa pagumu, na mwulize mgonjwa, "Panauma?" Akisema panauma, mwite nesi saa hiyohiyo, dripu iwe inapita au haipiti. Mwombe aandike kwenye plasta tarehe kanula ilipowekwa. Ikilowa au ikiachia ibadilishwe yote, isiongezewe juu.

Dalili za mpira wa mkojo ambazo hazisubiri asubuhi ni homa na kutetemeka, maumivu chini ya tumbo, mkojo kukoma saa kadhaa ilhali anakunywa maji, mabonge ya damu, au mzee kuanza kuchanganya maneno ghafla. Angalia kwanza kama mrija haujajikunja au mgonjwa hajaulalia. Ukichomoka wenyewe, usiurudishe, nendeni hospitalini. Na mkojo kuwa na ukungu au harufu peke yake, bila homa wala maumivu, si sababu ya kukimbilia viuavijasumu vya duka la dawa.

Ila kinga kubwa kuliko plasta yoyote ni mpira kutolewa unapokuwa hauna kazi tena. Kila siku unapokaa, uwezekano wa bakteria kuingia kwenye mkojo huongezeka kwa asilimia kati ya 3 na 7. Wodi zina watu wengi, na mpira wa mgonjwa aliyetulia husahauliwa. Baada ya upasuaji wa baba nilikuwa nikiuliza kila asubuhi, kwa heshima, "Sista, huu mpira bado unahitajika?" Siku mbili nilijibiwa ndiyo, na nikaelezwa kwa nini. Siku ya tatu alisimama, akatazama faili, akasema, "Kwa kweli, leo tunautoa."

Alinyonya kwanza maji ya puto kwa bomba la sindano, akamwambia baba avute pumzi. Saa nane mchana mzee aliomba nimshike mkono hadi chooni, akafunga mlango. Nilisimama nje nikisikiliza, mpaka nikasikia.