Kwa muuguzi mpya: nimonia kwa mgonjwa wa kiharusi

Ukianza kazi katika chumba cha wagonjwa mahututi utafundishwa mashine kwanza, kwa kuwa ndizo zinazotisha. Mimi ningependa uanze na kinywa cha mgonjwa. Nimonia inayompata mtu wa kiharusi katika siku 7 za mwanzo mara nyingi hutokana na kupaliwa: misuli ya koromeo imelegea, fahamu zimepungua, na mate yenye bakteria huingia mapafuni, huku kiharusi chenyewe kikiwa kimeshusha kinga ya mwili.

Usisubiri akohoe, maana wapo wanaopaliwa kimyakimya, na dalili pekee ikawa sauti ya majimaji baada ya kumeza au oksijeni inayoshuka taratibu. Kwa hiyo kabla ya kumpa chochote, hata kidonge kimoja, uwezo wake wa kumeza upimwe akiwa macho na ameketishwa wima, kwa kuanzia na kijiko cha maji. Ndugu aliyekuja na chupa ya uji umweleze mapema na kwa upole, kwani machoni pake kumnyima mgonjwa chakula ni ukatili.

Wengi hudhani mrija wa kulishia unaopitishwa puani humaliza tatizo. Haumalizi, kwa sababu mate yanaendelea kushuka na chakula huweza kurudi juu. Inua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45, isipokuwa daktari ameagiza vingine, kisha umtazame mgonjwa mwenyewe: akishateleza hadi katikati ya kitanda, kipimo cha kitanda kinasoma 30 ilhali kifua chake kimelala. Unapomsafisha kinywa, pitia ndani ya shavu la upande uliopooza, ambako mabaki ya chakula hujificha bila yeye kuyahisi. Aliye kwenye mashine ya kupumulia anahitaji usafi huo zaidi, pamoja na kufyonzwa mate yanayokusanyika juu ya puto la mrija wa hewa, yaani kipira kinachojazwa hewa ili kuziba nafasi kati ya mrija na koo la hewa.

Utasikia pia pendekezo la kumwanzishia kila mgonjwa antibiotiki ili kumkinga. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2015, wenye wagonjwa zaidi ya 2,500, ulionyesha kuwa antibiotiki ya seftriaksoni ilipunguza maambukizi ya njia ya mkojo, lakini haikupunguza nimonia wala ulemavu. Dawa hizo zingoje dalili. Homa ikipanda na pumzi zikienda mbio, mwite daktari mara moja, na makohozi yachukuliwe kabla ya dozi ya kwanza, ilimradi kuyatafuta kusicheleweshe tiba.