Dar hadi Dubai: kilomita ngapi, saa ngapi?

SWALI: Mhariri, salaam. Mama anasafiri peke yake kwenda Dubai na mimi ndiye ninayempangia safari. Kutafuta umbali mtandaoni, nimekuta 2,140, kwingine 2,470, kwingine 3,970. Tiketi nayo inaonyesha kuondoka 16:40 na kufika 23:10, yaani saa sita na nusu, lakini chini yake imeandikwa saa tano na nusu. Nishike lipi?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Namba zote tatu ni sahihi, vipimo ndivyo vinavyotofautiana. 3,970 ni kilomita. 2,470 ni maili za nchi kavu, moja ikiwa kilomita 1.609. 2,140 ni maili za baharini, ambazo marubani huzitumia, na moja ni kilomita 1.852. Zote ni makadirio ya mstari mfupi kabisa kati ya viwanja viwili, unaokatiza Somalia, Ghuba ya Aden na Yemen. Ndege hufuata njia za anga zilizopangwa, kwa hiyo kwa kawaida huruka mbali kidogo zaidi ya hapo.

Kuhusu muda, shika saa tano na nusu. Tiketi huandika saa za mji husika, na Dubai iko mbele yetu kwa saa moja. 23:10 ya kule ni 22:10 ya huku. Hesabu kutoka 16:40, utaona. Wakati wa kurudi, saa hiyo unaiongeza badala ya kuitoa.

Ukigawanya kilomita 3,970 kwa mwendo wa 870 kwa saa, utapata saa nne na nusu na ushei. Muda unaobaki huliwa na ndege kutambaa hadi barabara ya kurukia, kupaa, kuzungukia njia zake na kushuka. Muda wa tiketi huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na kuisha inapoegeshwa tena. Foleni ya uhamiaji na mizigo haimo, kwa hiyo anayempokea mama asimtarajie mlangoni 23:10. Ampe kama saa moja zaidi.

Hukuuliza hili, lakini ndilo linalowaacha watu uwanjani: ndege za usiku wa manane. Ikiwa tiketi ya kurudi imeandikwa tarehe 15, 00:30, hiyo ni saa sita na nusu, usiku wa kuamkia tarehe 15. Anayekwenda uwanjani jioni ya tarehe 15 atakuta ndege imeondoka tangu jana yake usiku. Safari ya nje inataka kufika saa tatu kabla, kwa hiyo mwandikie mama kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, kwa saa ya Dubai lakini ikihesabiwa kwa Kiswahili: UWANJANI TAREHE 14, SAA TATU NA NUSU USIKU.