Pima buti kwanza, sabufa baadaye

Tairi ilipasuka karibu na Namawojjolo, giza linaingia, tukitoka Jinja kurudi Kampala. Kwenye Premio yangu tairi ya akiba hulala chini ya sakafu ya buti, na juu ya sakafu hiyo nilikuwa nimekalisha boksi la sabufa mbili za inchi 12, limekazwa kwa skrubu nne ambazo bisibisi yangu haikuziweza. Vijana wanaouza kuku wa kuchoma waliweka mishikaki chini wakaja kunisaidia. Tulipolishusha hatimaye, watu watatu, mmoja akalipapasa zulia lake la kijivu akauliza, "Bosi, hili jeneza ni la nani?"

Ningelivumilia jeneza kama lingeimba vizuri. Tatizo ni kwamba halikuimba, lilinguruma. Kila wimbo ulikuwa na besi ileile: rumba ya Kongo, kwaya ya Jumapili, amapiano, zote zilitoka "buum, buum" kwa sauti moja kama mtu anayegonga pipa tupu. Na usiku, kila "buum" ilipopigwa, taa za mbele zilififia.

Nilinunuaje? Kama wengi wetu tunavyonunua. Nilikwenda mjini, upande wa Kisekka, nikaingia dukani, muuzaji akafungulia muziki hadi kifua kikatetemeka, nikaona "wati 2000" zimeandikwa kwa herufi za dhahabu, nikalipa. Boksi lilikuwa tayari, limeshavishwa zulia. Sikuuliza lina lita ngapi. Sikujua hata kwamba boksi hupimwa kwa lita.

Nikuambie sasa nilichojifunza kwa hela yangu: sabufa ni nusu tu ya chombo. Nusu nyingine ni hewa iliyo nyuma yake.

Fikiria hivi. Koni ya sabufa ikienda mbele inasukuma hewa, na nyuma yake papo hapo inavuta. Ukiiacha bila boksi, hewa ya mbele na ya nyuma zinakutana na kufutana, besi inapotea. Ukiifungia kwenye boksi lisilovuja, hewa ya ndani inakuwa kama springi: koni ikitoka inavutwa irudi, ikiingia inasukumwa itoke. Boksi likiwa dogo mno, springi inakuwa ngumu, na besi inajaa juu na kuisha mapema. Likiwa la kiasi, noti zinatoka moja moja, unasikia kidole cha mpiga gitaa kikihama kutoka waya huu kwenda ule.

Boksi lenye tundu, yaani lililotobolewa na kutiwa bomba la hewa, ni jambo jingine. Hewa iliyo ndani ya lile bomba inatikisika kwa kasi yake maalumu na kuongeza sauti hapo, kwa hiyo kwa umeme uleule unapata mshindo mkubwa zaidi. Lakini kasi hiyo inategemea ujazo wa boksi, upana wa tundu na urefu wa bomba, vyote vitatu. Mafundi wazoefu wa gari huipanga kwenye hezi (mitikisiko kwa sekunde) 32 hadi 36 hivi. Mabomba ya maboksi ya dukani mara nyingi ni mafupi na membamba, yamechongwa kumfaa kila mtu, yaani hayamfai yeyote. Ndipo unapopata lile pipa. Isitoshe, chini ya kasi hiyo koni haishikwi tena na hewa, inaruka ovyo hadi koili, ule waya uliosokotwa nyuma yake, igonge. Ukichagua tundu, hakikisha ampu yako, kile kifaa cha kukuza sauti, ina kichujio cha kukata sauti za chini kabisa, na ukitumie.

Kipi kikufae? Inategemea unasikiliza nini, na hapa usimdanganye mtu, hasa wewe mwenyewe. Mimi nyumbani nimekulia kwenye rumba na kadongo kamu, ule muziki wa gitaa wa Waganda. Waya mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne uko hezi 41, na ninachotaka ni kusikia noti, si kutetemesha madirisha ya jirani. Kwa hiyo boksi la kufunga. Gari lenyewe ni chumba kidogo, na chumba hicho huongeza besi za chini bila malipo, ndiyo maana boksi dogo la kufunga husikika zito ndani ya gari kuliko ukiliweka sebuleni. Mdogo wangu anapenda amapiano na anataka watu wa stendi wajue amefika. Yeye achukue tundu, na awe na nafasi, maana sabufa ileile ya inchi 12 inayotosheka na lita 30 kwenye boksi la kufunga inaweza kutaka 50 au zaidi kwenye lenye tundu.

Sabufa yenyewe pia ina maoni yake. Kampuni zinazojiheshimu huweka karatasi ya vipimo, na vipimo hivyo vinatokana na kazi ya Neville Thiele wa Australia, aliyeitoa mwaka 1961, na Richard Small aliyeiendeleza miaka ya 1970. Tafuta kipimo cha Fs (kasi ambayo koni hutikisika yenyewe), kigawanye kwa Qes (jinsi koili na sumaku zinavyoituliza). Jibu likiwa chini ya 50 au karibu na hapo, sabufa hiyo inapenda kufungiwa. Likivuka 100, inapenda tundu. Katikati, itakubali lolote. Kama muuzaji hana karatasi hiyo na haipatikani popote mtandaoni, mimi siku hizi naaga kwa heshima na kuondoka.

Kuhusu wati, usisome zile za dhahabu. Soma za RMS, ambazo sabufa inaweza kubeba muda mrefu. Na kwa ampu, geuza uangalie fyuzi. Ampu yangu ya kwanza iliandikwa wati 1500, na ubavuni ilikuwa na fyuzi moja ya ampea 25. Zidisha kwa volti 13.8 za gari lililowashwa: wati 345. Hizo ndizo zinazoingia, kabla joto halijachukua fungu lake. Zitatokaje 1500? Halafu ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu zaidi, tofauti ndogo tu kwa sikio. Pesa hiyo ni bora iende kwenye waya za shaba halisi (zile za aluminiamu iliyopakwa shaba ni nyepesi mkononi, utazijua) na kwenye fyuzi kubwa inayokaa karibu kabisa na betri. Fyuzi hiyo si ya kulinda ampu, ni ya kulinda gari lisiungue waya ukichubuka.

Koili nazo: sabufa yenye koili mbili za omu 4 (omu hupima ukinzani wa umeme) unaweza kuiunganisha ipate omu 2 au 8. Yenye mbili za omu 2, inapata 1 au 4. Jua ampu yako inavumilia omu ngapi kabla hujalipia sabufa.

Nilipoliuza lile jeneza na sabufa zake nilichukua sabufa nyingine, moja tu, nikaenda Ndeeba, hapa hapa Kampala, kwa mzee mmoja seremala aliyefanya kazi Mombasa miaka mingi, ndiyo maana tulielewana vizuri. Nikampa vipimo: sentimita 45 kwa 33 kwa 22. Ukizidisha na kugawanya kwa 1,000 unapata lita 32.7, ukitoa nafasi inayochukuliwa na sumaku na kipande cha kukazia katikati, zinabaki 30 hivi. Nikarudi jioni, boksi limekamilika, zuri, pembe zimenyooka. Nikaingiza futi ndani. Sentimita 41.4.

"Mzee wangu, umepima nje."

"Na wewe mwanangu hukusema ndani."

Alikuwa na haki. MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, ya milimita 18 inakula sentimita 3.6 kila upande unaopima, na lita 32 zilikuwa zimegeuka 22. Tulicheka, nikalipa mbao nyingine, safari hii nikaandika kwa kalamu juu ya ubao wenyewe: NDANI. Nusu ya ubao mzima wa futi nane kwa nne inatosha na kubaki. Usikubali chipbodi. Pembe zote zipakwe gundi ya mbao kabla ya skrubu, kisha silikoni kwa ndani, na uiache ikauke siku nzima kabla ya kufunga sabufa. Nje paka vanishi, hasa kingo, kwa sababu MDF ikinywa maji inavimba kama mandazi, na mvua za Aprili hapa Kampala hupata njia ya kuingia buti lolote la mitumba.

Kujua kama boksi linavuja ni rahisi. Bonyeza koni polepole kwa vidole vilivyotanuliwa, kisha uachie. Ikirudi taratibu, kana kwamba iko ndani ya maji, umeshinda. Ikiruka kurudi mara moja, huenda kuna mahali panapovuja. Mzee aliifanya mara tatu, akitabasamu kama mtoto.

Jambo jingine nililigundua kwa aibu. Ukigusisha betri ndogo ya tochi kwenye nyaya za sabufa, chanya kwa chanya, koni inatoka nje. Siku nilipojaribu hivyo kwenye lile boksi la zamani kabla ya kuliuza, moja ilitoka na nyingine ikaingia. Fundi aliyefunga alikuwa amezigeuza, na kwa miezi saba sabufa zangu mbili zilikuwa zinapingana humo ndani nami nikiongeza sauti. Nilimrekebishia mnunuzi kabla hajachukua. Mshindo uliongezeka, pipa likabaki pipa.

Boksi jipya nimelifunga kwa boliti zenye vipepeo vya kugeuza kwa mkono, limesogezwa ubavuni, na tairi ya akiba inatoka bila kuita kijiji. Usiliache huru hata siku moja: ukifunga breki ghafla, kilo kumi na kitu zitakuja kichwani kwako.

Kichujio cha ampu cha kukata sauti za juu nimekiweka kwenye hezi 80, na spika za milangoni zinaendelea kuanzia hapo. Kilichobaki ni kibao cha namba cha nyuma, kilichokuwa kinalia "trrr" kila besi ikishuka. Nilikata kandambili kuukuu ya mtoto, nikabandika vipande viwili nyuma yake. Kimenyamaza, ila mtoto bado anatafuta kandambili yake.