Muziki Uani, Picha Koridoni

Usiku wa kwanza tulipofungua nyumba yetu ndogo ya sanaa hapa Magomeni, Dar es Salaam, watu walijaa mpaka wengine wakapanda ukuta wa jirani. Bendi ilikuja na wapiga vyombo saba, spika mbili ndefu kuniliko, na mwimbaji ambaye mtaa mzima unamfahamu. Tuliwaweka koridoni, katikati ya nyumba, kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi na umeme. Picha nazo tulikuwa tumezitundika hapo hapo, kulia na kushoto. Watu wakacheza wamezipa mgongo. Besi ikipiga, fremu zinatetemeka kwenye misumari, na kama saa tatu hivi picha moja ikadondoka, kioo kikapasuka. Hakuna aliyegeuka. Hawakusikia.

Mwenye picha ile alikuwa binti wa miaka 22 kutoka Mbagala. Lilikuwa onesho lake la kwanza. Karibu usiku wote alikaa barazani akingoja mtu amuulize neno. Watu walipotawanyika alishusha picha zake zote saba, akazifunga kwenye kanga mbili, akaniambia, "Kaka, ahsante. Watu walikuwa wengi." Akaita bajaji, akaondoka. Haikununuliwa hata moja. Angenigombeza ningelala vizuri zaidi.

Tangu usiku ule, kila kijana anayenijia kuniuliza namna ya kuanzisha sehemu kama hii mtaani kwake, swali lake la kwanza huwa ni wafadhili. Fedha ni kweli, sikatai. Lakini mimi humrudisha kwenye swali jingine ambalo lisipojibiwa fedha zote zitaishia kwenye spika: huyu mtu aliyekuja kwa ajili ya muziki, atageukaje autazame ukuta?

Maana muziki una wenyewe. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab, ipo Zanzibar tangu mwaka 1905, na pwani yote hii mtu akisikia udi na fidla anajua la kufanya: anakaa, anaitikia, anainuka kumtunza mwimbaji. Mbele ya picha wengi wetu tunasita. Tusimame karibu au mbali? Inaruhusiwa kuuliza bei? Nikikaa sana nitaonekana nataka kununua? Watu wetu wanapenda picha, angalia tu migongo ya daladala na kuta za saluni za vinyozi. Ila hawajakaribishwa kuzitazama kwa starehe. Kazi ya mwenye nyumba ya sanaa ni kukaribisha.

Sisi tulisaidiwa na nyumba yenyewe. Tumepanga nyumba ya Kiswahili ya kawaida, zile za vyumba sita: vitatu huku, vitatu kule, korido katikati, baraza mbele, uani nyuma. Baada ya usiku ule wa aibu tulihamishia muziki uani, chini ya mwembe, tukafunga kabisa mlango wa pembeni. Sasa anayetaka muziki lazima apite barazani, aingie koridoni, apite milango sita iliyo wazi yenye picha ndani, ndipo atokee uani. Na akitaka kwenda nyumbani anarudi njia ile ile. Anaziona picha mara mbili bila kuambiwa. Mara ya pili ndiyo inayouza, nimelishuhudia hilo Jumamosi nyingi. Wakati wa kuingia mtu anakimbilia ngoma. Wakati wa kutoka moyo umeshatulia, anachungulia chumba kimoja, anaingia. Kama una ukumbi mmoja tu, weka wapiga muziki upande wa mbali na mlango, na picha njiani. Kamwe usiwaweke mlangoni.

Jambo la pili ni saa. Tunafungua saa kumi alasiri, na kuanzia hapo mpaka magharibi hakuna muziki kabisa, picha tu, na wasanii wenyewe wapo. Mwanga wa jua la alasiri unaingia vizuri vyumba vya upande wa magharibi. Adhana ikilia tunanyamaza, wanaokwenda kuswali wanakwenda, na muziki huanza baada ya hapo. Isha tunasimama tena. Mwanzoni niliona vituo hivi vinatukatia raha. Kumbe ndivyo vinavyotujazia vyumba, kwa sababu muziki ukisimama kwa dakika 20 watu hawana pa kwenda ila koridoni. Na imamu na majirani hawajawahi kutuletea malalamiko. Ratiba ile niliipeleka mwenyewe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kabla sijaenda kuomba kibali kwa afisa utamaduni wa manispaa. Anza na jirani, karatasi za ofisini zitakuwa nyepesi.

Ndani ya nyumba hatutumii spika. Uani tunatumia moja ndogo, tena kwa sauti ya mwimbaji tu. Kipimo chetu ni hiki: watu wawili wakisimama chumba cha mwisho, kile kinachopakana na uani, waweze kuzungumza juu ya picha bila kupaza sauti. Wakishindwa, tunapunguza. Kwa hiyo tunawaita zaidi wapiga vyombo vinavyosikika vizuri bila umeme: udi, kanuni, zeze, ilimba ya Kigogo, gitaa kavu. Kuna vijana wengi hodari ambao hawana bendi wala mashine na hawapati jukwaa kwa sababu hiyo tu. Ukiwa Bagamoyo wapo wanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha huko. Ukiwa Unguja ipo Dhow Countries Music Academy inayofundisha tangu mwaka 2002.

Nikueleze Jumamosi moja. Mzee mmoja mpiga zeze alichelewa kuanza, akakaa koridoni kwenye kigoda akikaza nyuzi. Juu ya kichwa chake palikuwa na picha ya bomba la maji, ndoo za njano zimepangwa foleni, mtoto amelalia ndoo yake. Mama anayekaanga mihogo kona ya mtaa wetu alikuja kumsikiliza mzee, mikono bado ina unga wa pilipili. Akasimama. Mzee anagusa uzi, anasikiliza, anagusa tena. Yule mama akainua macho taratibu, akasogea, akanigeukia: "Mwanangu, hili si bomba letu hili? Lile la kabla hawajajenga fremu za maduka?" Lilikuwa lenyewe. Mchoraji alikulia mtaa wa pili. Mama akaanza kumwonyesha mwanawe nani alikuwa akiweka ndoo wapi, nani aligombana na nani. Watu wakamzunguka. Picha ile bei yake ilikuwa Sh 60,000. Aliichukua kwa kudunduliza, elfu tano tano kila Jumamosi, na siku alipomaliza alikuja na watoto wake wote kuibeba.

Pale nilijifunza mambo mawili. Kwanza, zeze linalokazwa nyuzi linavuta watu polepole kiasi cha kuwaachia macho. Pili, mnunuzi wa msanii chipukizi yuko ndani ya mita mia mbili kutoka mlangoni. Wale wa Masaki na Oyster Bay wakija, tunawakaribisha sana, wananunua na wanasaidia, lakini nyumba ya mtaa ikiwangoja wao itafungwa kabla ya masika ya pili. Hata Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa kwenye vipande vya ubao, hakungoja jumba la maonesho. Kazi ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, watu wakitoka kununua mahitaji yao wanakutana nazo.

Kwa hiyo andika bei. Iandike wazi, kwa shilingi, kwenye kikaratasi pembeni ya picha, pamoja na jina la msanii, mtaa anaotoka, na imechorwa kwa rangi gani, juu ya kitu gani. Kwa Kiswahili. Nimeingia kumbi ambazo bei unanong'onezewa na maelezo yote ni ya kigeni, nikaona kina mama wakigeuzia mlangoni. Weka kazi ndogo pia, za ukubwa wa daftari, za elfu kumi au kumi na tano. Na tundika chini kidogo, katikati ya picha iwe kama sm 145 kutoka sakafuni. Watoto nao ni wageni.

Sasa nije kwenye tunzo, jambo ninalolipenda kuliko yote haya. Taarab ikinoga, mtu mwenye elfu moja anainuka, anacheza mpaka mbele, anamtunza mwimbaji, anarudi kiti chake akiwa na furaha ya mtoaji. Hakununua wimbo. Ameushukuru. Nikajiuliza, mchoraji tumemnyima hili kwa nini? Tukanunua makapu madogo ya ukindu, tukatundika moja chini ya kila picha, lenye jina la msanii. Na namba ya kulipia kwa simu tukaiandika hapo hapo. Jumamosi ya kwanza hakuna aliyeelewa. Ya pili, mwimbaji wetu mwenyewe, baada ya kutunzwa uani, alitoka na noti zake mkononi, akaingia koridoni huku anaimba, akaweka elfu mbili kwenye kapu la picha moja. Watu wakamfuata kwa vigelegele. Tangu siku hiyo ni desturi. Fedha za kapu si nyingi, mara nyingi zinatosha kopo la rangi na nauli. Lakini mchoraji anayerudi nyumbani na kopo la rangi alilotunzwa na mtaa wake Jumatatu anachora.

Wapiga muziki walipwe kiwango mlichokubaliana, hata kama hapakuuzwa kitu, tena usiku ule ule. Usimwambie kijana apige bure ili ajulikane. Kwa picha sisi tunabaki na asilimia 25, msanii anachukua 75, ndani ya siku tatu, na tunaandikiana karatasi mbili, moja yake, moja yetu. Kwenye karatasi hiyo tunaandika pia kwamba mnunuzi amenunua picha, haki ya kuichapisha imebaki kwa msanii. Ndivyo ilivyo chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, lakini wanunuzi wengi hawajui na wasanii wengi hawajui. Mmoja wa vijana wetu alikuta samaki wake wamechapishwa kwenye orodha ya vyakula ya hoteli moja, hakuombwa wala kulipwa. Hatukuwa na karatasi. Inaniuma mpaka leo.

Na wasanii utawapata wapi? Tazama wanaochora mabango, wanaoandika maneno kwenye bajaji, wanafunzi waliomaliza kidato cha nne na madaftari yamejaa sura za watu. Mwangalie hata mlinzi wako. George Lilanga, Mmakonde ambaye kazi zake zilikuja kuzunguka dunia, alianza kama mlinzi pale Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, miaka ya 1970, kabla hawajaona mkono wake. Ukiweza pia nenda Nafasi Art Space, Mikocheni, uone wachoraji wakifanya kazi ndani ya makontena na muziki ukipigwa hatua chache tu kutoka hapo. Wapo tangu 2008 na utajifunza mengi kwa kutembea tu.

Masika ni shida. Uani hapakaliki, unyevu unaingia kwenye kitambaa, koga inaota nyuma ya fremu. Tunabandika vipande vya kizibo nyuma ya kila fremu, pembe za chini, ili hewa ipite kati ya picha na ukuta. Na miezi ile muziki unakuwa wa mtu mmoja, koridoni, bila spika, watu wasiozidi thelathini. Ni Jumamosi ninazozipenda.

Yule binti wa Mbagala sikumwona kwa muda mrefu. Nilimfuata mara mbili, mara zote akaniambia yuko na kazi. Mwaka jana mwezi wa saba alikuja mwenyewe, Jumamosi saa kumi na moja, hakuna muziki. Akazunguka vyumba vyote sita, akasimama kwenye kila picha, akachungulia ndani ya makapu. Kisha akaenda chumba cha mwisho kushoto, kile kinachopakana na uani, akapima ukuta kwa mikono.

"Kaka, hapa wakiimba panasikika?"

Nikamwambia panasikika, ila watu wanaweza kuzungumza.

"Basi naomba hiki," akasema. "Ninazo kumi na moja."

Tulimfungulia mwezi wa tisa.