Safari kwanza au kazi kwanza? Barua kwa mwanangu

Assalam aleikum mwanangu,

Ile voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nilikuwa jikoni sikuelewa kitu, ya pili nikasikiliza na babako, ya tatu peke yangu baada ya isha. Wauliza mambo mawili. Moja, sisi tukija huko Chicago kwa mahafali yako mwezi wa 5 tuzunguke kwanza ile miji yako minne halafu ndio uanze kutafuta kazi, au utafute kazi kwanza na safari ingoje. La pili ulilisema mwishomwisho kwa sauti ya chini, ati 2014 tulipozunguka na gari Washington na New York, baba alikuwa na kazi tayari au hakuwa?

Nakuandikia manake kwa simu babako atadakia na hutapata ukweli wote.

Hakuwa na kazi. Alikuwa amemaliza masomo pale Columbus, Ohio, mwanzo wa mwezi wa 5, mimi na ile viza yangu ya mke wa mwanafunzi siruhusiwi kufanya kazi hata ya kuuza sambusa, benki kuna dola 4,300 na kodi ya nyumba ni 700 kila mwezi. Wewe ulikuwa na miaka tisa, wakumbuka baba anaimba kwa gari njia nzima. Ile haikuwa raha mwanangu, babako akiogopa huwa anaimba, mtazame vizuri hata leo.

Na aliyesema twende ni mimi. Babako alikuwa ashapeleka makaratasi ya OPT, ile ruhusa ya mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi ya fani yake akimaliza masomo, anangojea kadi ya ruhusa ya kazi, na wakati ule kadi ilikuwa yaweza kuchukua hadi miezi mitatu. Bila kadi huruhusiwi kufanya kazi hata siku moja. Sasa mtu mzima anashinda dirishani anangojea gari la posta, likipita anashuka ngazi mbio, anarudi na makaratasi ya matangazo ya piza. Nikaona huyu ataniugulia.

Halafu kulikuwa na hesabu nyingine. Huku kwetu sheria ya ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku 21 za likizo kwa mwaka na mshahara wake, tajiri atake asitake. Kule sheria ya nchi nzima haikupi hata siku moja ya likizo ya kulipwa, ni hiari ya kampuni, wakikupa siku kumi washukuru, na ukiwa mgeni kazini hata hizo kumi unaogopa kuziomba. Nikamwambia babako, wewe ukishaanza kazi sisi hatutaona kitu, watoto watarudi Mombasa waulizwe Marekani kukoje waseme ni pakingi ya duka.

Basi tukatoka Jumamosi alfajiri. Nilikaanga mahamri usiku kucha, kuku wa kupaka kwa kulabox la barafu, thamosi mbili za chai, ufunguo wa nyumba nikamwachia yule mama Msomali wa mlango wa pili aliyekulia Eastleigh, atuangalizie barua. Ni kama maili 400 mpaka Washington, yaani uende Nairobi kutoka Mombasa na bado uendelee. Kuna mahali panaitwa Breezewood, Pennsylvania, barabara kuu namba 70 inakatika ghafla unajikuta kwenye mataa, petroli stesheni na mikahawa huku na huku kama Mtito Andei, halafu mbele ndio barabara inaanza tena. Babako akadhani kapotea, akageuza, akageuza tena, nduguyo akatapika. Kumbe ndivyo ilivyo, zile barabara mbili hazikuwahi kuunganishwa sawasawa, kila mtu lazima apite hapo mataani.

Washington ndio mji niliopenda mimi, na sikufichi sababu, ulikuwa bure. Makumbusho yote ya Smithsonian bure, hata zuu bure. Unakumbuka lile jiwe la mwezini la kugusa, kule kwa makumbusho ya ndege? Dogo tu, limelainika kama sabuni iliyotumika kwa vile limeguswa na vidole vya watu, nduguyo akaligusa akanusa kidole. Ule mnara mrefu mweupe ulikuwa umefunguliwa mwezi uliotangulia tu, baada ya kufungwa kwa sababu ya tetemeko la 2011, tukakuta tiketi za siku zimekwisha. Hatua chache hapo palikuwa na winchi na uzio, ndipo walipokuwa wanajenga makumbusho ya historia ya watu weusi, yale yaliyofunguliwa 2016 sisi tukiwa tunafunga mizigo ya kurudi. Hayo nayadai bado. Mbele ya nyumba ya Obama nikampigia bibi yako, nikamwambia niko kwenye geti la kijana wa Kogelo, akaniuliza kama nimempa salamu. Na babako akatutembeza juani Independence Avenue akatafute jengo la Sauti ya Amerika, manake babu, Mungu amrehemu, ikifika saa ya Sauti ya Amerika hakuna aliyethubutu kugusa redio. Akasimama akapigwa picha kama mtu aliyeajiriwa pale.

Sasa kile ambacho hukukiona. Moteli yetu ilikuwa Maryland, nje ya mji, chumba kimoja vitanda viwili. Nyinyi mkilala babako anaingia msalani na leptopu, anafunga mlango ili taa isiwaamshe, anakaa juu ya kifuniko cha choo leptopu magotini, anaaplai kazi mpaka saa nane za usiku. Nilikuwa nikiamka naona ule mstari wa mwanga chini ya mlango. Asubuhi anawageuzia nyinyi zile keki za mashine ya hoteli zenye vyumba vyumba, macho mekundu, anacheka. Alipeleka aplikesheni 11 akiwa msalani na hata moja haikujibiwa, hata ile imeili ya pole hawakumtumia.

Philadelphia tulilala usiku mmoja tu. Mliona ile Kengele ya Uhuru iliyopasuka, bure pia, na tukala mkate wa nyama wa halali kwa mkokoteni. Jioni yake yule mama akapiga simu, kadi imefika. Babako akaruka. Kisha akamwambia fungua nisomee tarehe. Tarehe 1 Juni. Siku ile ilikuwa 18.

Hapo ndipo penye jibu lako kwa hiyo soma polepole. Mtu wa OPT ana siku 90 za kukaa bila kazi, zikipita hali yake ya viza imeharibika, na hizo siku zinahesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa kwa kadi, hata kama kadi yenyewe ilikuwa bado iko posta, hata kama wewe uko Philadelphia unatazama kengele. Na ile tarehe aliichagua babako mwenyewe! Kwa fomu unaruhusiwa kuchagua siku yoyote ndani ya siku 60 baada ya kumaliza masomo, yeye kwa haraka ya kutaka kazi akaandika karibu, akidhani ukiandika karibu utapata karibu. Angeandika mwisho wa mwezi ile safari yetu isingekula hata siku moja.

New York tulifika tumenuniana. Tulilala New Jersey tukaacha gari huko, kule mjini pakingi ya siku moja ni kodi ya wiki ya nyumba ya Kisauni. Treni ya chini ilikuwa dola 2.50, miguu yangu ilivimba na ngazi zile. Siku ya pili tukapanda ile feri ya rangi ya chungwa ya kwenda Staten Island, haina nauli, dakika 25, inapita karibu na sanamu ya Uhuru. Watu wote wako upande wa sanamu wanapiga picha, mimi na babako tuko upande wa pili tunagombana kwa sauti ya chini. Yeye ataka turudi Columbus usiku ule ule. Mimi namwambia turudi tukafanye nini, kazi iko dirishani? Maneno mengine siyaandiki. Akanyamaza, akashika chuma cha ukingo, na mimi nikaona mikono inamtetemeka. Ndio wewe ukaja mbio, nywele zimepigwa na upepo, unapiga kelele, baba baba hii ni Likoni ila haina mikokoteni! Akacheka mpaka akakaa chini. Mzungu mmoja mzee akamuuliza kama yuko sawa.

Tukakubaliana nusu kwa nusu. Boston tukaikata, ndio maana hukuiona, sio ati gari lilikuwa na shida kama tulivyowaambia. Niagara tukapitia tukirudi, tukasimama upande wetu tukawatazama wa Canada na makoti yao mekundu ndani ya boti, sisi wa bluu. Nduguyo akalia ataka kwenda kule kwa wekundu, hatuna viza ya Canada, mueleze mtoto wa miaka mitano.

Je nilijuta? Nikikwambia hapana nitakuwa naongopa. Pesa yote ya safari ilifika kama dola 1,900. Mwezi wa 8 nilizihesabu kila siku. Babako akawa haongei, intavyu mbili zikaota mbawa, mimi kimya kimya nikaanza kuuliza bei ya masanduku. Tukaja kuambiwa tumechelewa kwamba hata kazi ya kujitolea ya fani yako, masaa 20 au zaidi kwa wiki, inasimamisha ile hesabu. Mwishowe aliyetuokoa ni mtu waliyesoma darasa moja, alimsikia bosi wake analia hana mtu. Babako akaanza kazi Jumatatu tarehe 25 Agosti, amebakisha siku tano. Tano mwanangu. Na kuanzia siku hiyo mpaka tunarudi Mombasa mwisho wa 2016 hatukuwahi kulala usiku mmoja nje ya Ohio, kwa hiyo hapo nilikuwa sahihi na babako anajua.

Sasa wewe. Safari twende, lakini anza na tarehe. Makaratasi waruhusiwa kupeleka tangu siku 90 kabla ya kumaliza, usingoje mitihani iishe, na kwa tarehe ya kuanza chagua mwisho mwisho wa ile nafasi ya siku 60, sio mwanzo. Kaa na yule mtu wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni akuhesabie kwa kalenda, hizi sheria wanazibadilisha, usimtegemee mamako wala hao marafiki zako wa grupu la wasapu. Usitoke nje ya Marekani ukingojea kadi, hata ukitamanishwa vipi. Na ukipata ofa kabla hata sisi hatujafika, alhamdulillahi, waombe uanze wiki mbili mbele. Hiyo watakupa kwa urahisi kuliko likizo baada ya kuanza.

Ile ratiba yako ya miji minne siku tisa, hapana. Babako goti lake si la 2014. St. Louis itoe. Tukae Chicago hapo kwako siku tatu nione unapoishi na nione hiyo friji yako, halafu tupande ile treni ya kwenda New Orleans, inatoka Chicago usiku asubuhi iko Memphis, babako tangu azaliwe ataka kulala kwa treni ya Marekani. Memphis nataka lile jumba la Lorraine alipopigwa risasi Martin Luther King tarehe 4 Aprili 1968, siku hizi ni makumbusho, hapo sina mjadala. New Orleans nimesikia wana mahamri yao, wanayamwagia sukari ya unga mpaka yanapotea, na hawatii iliki. Tutaona. Tiketi zetu na hoteli juu yetu, wewe ile akiba yako ya kodi ya miezi mitatu usiiguse, hata kwa kutununulia zawadi.

Na kitu kingine, tukiwa safarini leptopu ibaki Chicago. Ile ya kujificha msalani tulishaijaribu kwa ajili yako. Ukirudi kaa hapo chini utafute kazi kutwa kucha, nitakuwa nakupigia usiku wako uniambie umepeleka ngapi.

Usimwambie babako nimekuambia habari ya feri. Ameniona naandika akauliza naandika nini, nikamwambia ni listi ya vitu vya kukuletea, kwa hiyo niandikie listi kweli, tambi za kukaanga au achari ya maembe, na hiyo tarehe yako ukishaichagua nitumie siku hiyo hiyo manake nauli za ndege zinapanda.

Mamako