Jibu: Polishi kwanza au waksi kwanza?

Mkuu, umeuliza kwa nini gari lako jeusi limepakwa waksi mara mbili na bado likikaa juani linaonyesha mikwaruzo kama utando wa buibui. Waksi haiondoi mkwaruzo. Inalinda tu kilichopo chini yake. Kusawazisha klia, lile tabaka angavu la juu ya rangi lenye hiyo mikwaruzo, ni kazi ya polishi.

Kwa sisi wa Mtwara shughuli inaanzia kwenye kuosha. Chumvi ya bahari na mchanga vikibaki kwenye rangi halafu ukaanza kusugua, unalipiga msasa gari lako mwenyewe. Tumia shampuu ya gari, si sabuni ya unga, suuza vizuri, kausha. Kisha pitisha kiganja juu ya boneti. Ukihisi vipele, pitisha udongo maalumu wa kusafishia rangi, bodi ikiwa imelowana.

Polishi piga kivulini, bodi ikiwa imepoa. Jua la huku hukausha dawa kabla haijafanya kazi. Jaribu sehemu ndogo kwanza kwa dawa laini na sponji laini. Ikitosha, kompaundi kali (dawa inayokwangua zaidi) ya nini? Klia kwa kawaida haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita, na kila polishi inaila kidogo. Kwenye kingo na mikunjo ya bodi ndiko huisha upesi (na ndiko vijana wengi wa kuosha magari wanakokandamiza mashine!), kwa hiyo zibandike utepe wa karatasi.

Mkwaruzo unaonasa ukucha mwachie fundi rangi. Ukimaliza, futa mafuta ya polishi yaliyobaki, ndipo upake waksi, nyembamba tu.